Waraka kwa Wanachama: Kilichomleta Mgeni

KWA: Wanachama wote, mikanda yote
KUTOKA: Katibu wa klabu ya karate, Ngerengere
YAH: KUWAPOKEA WANAFUNZI WAPYA PAMOJA NA SABABU ZAO





Shule zikifunga, wanakuja. Kila mwaka tunawaona kwenye madirisha ya darasa tunalofanyia mazoezi, wengine wamepanda juu ya tofali ili waone vizuri, na baada ya siku mbili tatu mmoja anajitosa kuingia. Tunamuuliza umefuata nini huku. Anajibu. Tunacheka. Kisha tunamrusha kichurachura uwanja mzima mpaka miguu inagoma, na kabla mwezi haujaisha amekwisha kurudi kwenye mpira. Sisi tunabaki kusema vijana wa siku hizi ni legelege.

Mimi hapo nakataa. Kijana aliyekulia Kinole, akishuka mlima akipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, si legelege. Binti anayechota maji kabla ya adhana ya alfajiri, akafagia uwanja, ndipo akaenda shule kwa miguu, naye si legelege. Hao ndio tunaowapoteza. Wanatuacha wakiwa na nguvu zao zote mwilini, na nguvu hizo wanazipeleka kwingine.

Ninachotaka tukitazame ni ile sababu ya kwanza, inayomtoa mtu nyumbani kwao mara ya kwanza. Mara nyingi ni ya kitoto, au ya hasira, au ya kujionesha tu, na haidumu. Lakini siku ile hana nyingine. Ukimnyang'anya hiyo kabla hajapata ya pili, umemwacha mtupu, na mtu mtupu hawezi kukaa kwenye msimamo wa kuchuchumaa wa shiko-dachi huku jua la saa kumi likimchoma mgongoni.

Nianze na sinema, maana ndiyo inayochekwa kuliko zote. Mtoto anasema amekuja kwa sababu ya filamu, na sempai mmoja (mwanachama wa ngazi ya juu; jina nalihifadhi, anajijua) anamwambia akatafute steringi wake huko kibanda umiza. Sasa tuulizane wenyewe kwa wenyewe: nani kati yetu tuliovuka miaka thelathini hakuletwa na filamu? Bruce Lee alifariki Julai 1973, na Enter the Dragon ikatoka mwaka huohuo yeye akiwa kaburini. Tangu hapo hakuna mtaa wa nchi hii uliokosa mtoto aliyefunga vipande viwili vya mti kwa kamba akajipiga navyo kisogoni. Halafu zikaja kanda za video, vikaja vibanda, akaja Lufufu na wenzake waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hata mpigaji wa Hong Kong akawa anatukana kama mtu wa Manzese. Na Bruce Lee mwenyewe hakuwa mtu wa karate. Alichojifunza akiwa kijana huko Hong Kong ni Wing Chun ya Wachina. Kwa hiyo nusu ya watu wa karate wa Tanzania waliingia dojo wakimfuata mtu ambaye karate haikuwa fani yake, na wamekuwa watu wa karate wazuri tu. Sababu haikuwa na ukweli wowote, ila miguu iliyoletwa nayo ilikuwa ya kweli.

Zaidi ya hapo, mtoto wa sinema anakuja na mtaji ambao hatuuoni. Anajua kutazama. Filamu moja ameirudia mpaka anajua mkono wa kushoto ulikuwa wapi wakati wa kulia unapiga. Mtazameni akiwa peke yake nyuma ya darasa: anaruka, anatua vibaya, na puani anatoa ile sauti. Tunamcheka kwa ile sauti, na wiki ya pili tunamkaripia mtoto mwingine, mpole, kwa sababu hana kiai, ule ukelele wa kupigia! Huyu wa sinema kiai anayo tayari, imekaa puani tu. Kazi ya sempai ni kuishusha tumboni. Mwambie asimame, akunje goti, avute pumzi chini ya kitovu, apige mae-geri (teke la mbele) moja ya polepole huku umemshika kiunoni asiyumbe. Moja tu. Akirudi nyumbani atawaonesha wenzake, na kesho utakuwa na wanne dirishani.

Tukumbuke pia karate ilivyoanza hapa nchini kwetu. Mtindo wa Goju Ryu tunaoucheza ulishika mizizi miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alipofundisha Dar es Salaam, katika Shule ya Zanaki. Dojo lake liliitwa Hekalu la Kujilinda. Dar ya wakati ule ilijaa wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Angola, wa Zimbabwe, wa Afrika Kusini; Juni 1974 ndipo ulipofanyika Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika palepale mjini. Kijana aliyeingia Zanaki miaka hiyo alikuwa na Bruce Lee kichwani na siasa masikioni, na sidhani kama aliweza kueleza ni ipi kati ya hizo mbili iliyomfungua mlango. Wa kwetu wa leo naye hawezi kueleza. Tusimhoji kama mtuhumiwa.

Nije kwenye la pili, ambalo ni letu hasa sisi watu wa Ngerengere. Nchi nzima ikisikia jina la mahali hapa inafikiria jeshi: uwanja wa ndege za kivita uliojengwa kwa msaada wa Wachina, na makomando. Watoto wetu wanaamshwa na nyimbo za mchakamchaka alfajiri. Ikifika 9 Desemba wanasogea kwenye televisheni ya jirani kuwangoja makomando wavunje matofali kwa vichwa uwanjani. Kesho yake wako kwetu. Mmoja alifika na tofali lake kabisa, la kuchoma, kalibeba begani.

Kuna kosa linafanyika hapa na nalisema wazi. Wako wanachama wanaowaahidi hawa vijana kwamba ukiwa na mkanda wa kahawia, jeshi utaingia moja kwa moja. Nani aliwatuma? Nafasi za JKT na za JWTZ hutangazwa hadharani, na masharti yake husomwa na kila mtu. Klabu haiandikishi askari wala haina mtu wa kumpigia simu. Mwambieni kijana ukweli: mazoezi yatampa pumzi, yatamfundisha kuamka na kutii muda, na hayo yatamfaa akiitwa na yatamfaa asipoitwa. Mwenye tofali lake asifukuzwe. Aliweke chini, alikalie, aanze kunyoosha mapaja.

Wapo wanaoletwa na udhaifu wao. Hawa hawapandi tofali dirishani. Wanasimama mbali na mara nyingi wanaletwa na mama. Mtoto wa namna hii anatweta akipanda ngazi, au alilazwa muda mrefu, au ni mdogo kwa umbo na shuleni wanamnyang'anya hela ya mihogo. Kwa hawa tumekuwa wakali kupita kiasi, kana kwamba karate ni mali ya wenye vifua. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922 na kuifanya ijulikane Japani nzima, alizaliwa njiti, akakua mtoto wa kuugua-ugua. Alipopelekwa kwa mwalimu Azato mambo yakabadilika polepole, mwili ukashika, na mwenyewe aliishi mpaka 1957, umri wa karibu miaka 90. Angefika kwetu Ngerengere tungempigisha pushapu hamsini za kumkaribisha, na hadithi ingeishia hapo.

Mabinti. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu jambo lenyewe liko wazi, ila hatulitendi. Msichana anapokuja, mara nyingi ameletwa na njia: njia ya kurudi kutoka shule, ya kwenda mtoni, ya kutoka stesheni jioni, na mtu fulani kwenye njia hiyo. Hatalisema siku ya kwanza. Atasema anataka mazoezi ya kupunguza mwili. Sempai asiye na akili atamjibu kwamba hana mwili wa kupunguza, wenzake wacheke, na hatumwoni tena. Kuanzia sasa msichana mpya apokelewe na mwanachama wa kike, na siku hiyohiyo afundishwe kujinasua mkono ulioshikwa. Ni jambo la dakika kumi: geuza kifundo kuelekea upande wa dole gumba la aliyekushika, shusha kiwiko karibu na mbavu, toka na mwili mzima, usivute kwa mkono peke yake, na piga kelele. Arudie mpaka aamini. Mazoezi ya mchanganyiko yafungwe kabla ya saa kumi na mbili jioni ili wanaotembea wafike kwao kukiwa na mwanga. Anayetaka kuendelea na kumite (mapambano) gizani aendelee na wanaume wenzake.

Sasa lile gumu. Anayekuja na kisasi.

Mnamjua mkimwona. Anakuja peke yake, mara nyingi kwa pikipiki, jicho limevimba au mdomo umeshonwa. Haulizi mkanda, haulizi ada. Anauliza itachukua muda gani. Yule dereva wa bodaboda mnayemkumbuka alitaka afundishwe pigo moja tu, la kummaliza mtu aliyemdhulumu hela na kumpiga mbele za abiria. Kikao chetu kiligawanyika. Wengine walisema afukuzwe, tusije tukaitwa kituoni. Wengine walisema afundishwe, mwanamume hawezi kudhulumiwa hivyo.

Msimamo wangu ulikuwa na bado ni huu: apokelewe, na asipewe pigo. Anachopewa ni Sanchin, mfululizo wa hatua za kukariri tunaouita kata. Kata ile ina hatua chache mno, na ndiyo inayotoa jasho kuliko zote. Unasimama umebana mapaja, mabega yameshuka, unapumua kwa sauti, unasogea polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji, na mwalimu anapita nyuma anakugonga mabega na mapaja kuona kama umelegea. Mwenye hasira hawezi kuicheza kwa hasira. Pumzi inakatika. Analazimika kuchagua kati ya kumfikiria adui yake na kumaliza hatua iliyobaki. Nilimwona yule dereva akijaribu kufanya yote mawili, akakaa chini kwenye sakafu, uso umemwiva.

Na aambiwe sheria, bila kupakwa mafuta. Mtaani wanasema mwenye mkanda mweusi lazima ajiandikishe polisi, na kwamba akichokozwa atoe onyo mara tatu ndipo apige. Ni hadithi za vijiweni, mziache. Sheria inayotuhusu ni ileile ya kila raia: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamruhusu mtu kujitetea, au kumtetea mwenzake, au kutetea mali yake, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Ukimfuata mtu nyumbani kwake siku tatu baadaye, hapo hujitetei tena. Unashambulia, na mkanda wako utakuwa wa kwanza kutajwa mahakamani.

Yule dereva mwishowe alipatanishwa na mwenzake mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akarudishiwa sehemu ya hela yake, akaacha mazoezi. Baadhi yenu mlisema tumepoteza muda. Mimi sioni hasara. Siku hizi hupaki pikipiki nje ya dirisha akisubiri abiria na kuwasahihisha watoto kwa sauti, tena mara nyingi anakosea.

Kuhusu wazazi. Mzazi naye ana sababu yake, tofauti kabisa na ya mtoto. Mtoto anataka kuruka, mzazi anataka mtoto atulie. Wengine wanatuletea mtundu ili tumnyooshe, kana kwamba sisi ni mgambo. Tuwaambie mapema kwamba hatuchapi. Lakini linalowarudisha wazazi nyumbani na watoto wao si hilo. Ni kuinama. Wanachungulia dirishani, wanaona watoto wamepiga magoti wameinamisha vichwa mbele ya ukuta, na wanauliza kwa haki kabisa: mnaabudu nini humo? Nimeulizwa na shehe, nikaulizwa na mzee wa kanisa, wiki hiyohiyo.

Jibu lipo, na ni la zamani. Mwaka 1908 mwalimu Anko Itosu wa Okinawa, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameanza kufundisha karate shuleni, aliandika barua yenye hoja kumi akitaka serikali ya Japani iitambue. Jambo la kwanza kabisa alilolieleza ni kwamba sanaa hii haikutokana na dini ya Buddha wala na mafundisho ya Confucius. Mzee yule alijua wazazi na wakubwa wangeuliza nini. Basi nasi tueleze: ile ni salamu, kama mtoto wetu anavyotoa shikamoo kwa adabu, na huo ukuta hauna kitu ila picha ya mwalimu na saa iliyosimama. Ambaye dhamiri yake bado inamsumbua, ainamishe kichwa kidogo akiwa amesimama, au aweke mkono kifuani. Hakuna mtu atakayekosa mkanda kwa ajili ya hilo. Ile picha nayo napendekeza tuihamishie ukuta wa pembeni; mwalimu mwenyewe hatalalamika.

Najua yupo atakayesema kwamba nalegeza, kwamba zamani mtu alifagia dojo miezi mingi kabla hajafundishwa ngumi, na ndivyo wakubwa wa Okinawa walivyotaka. Ni kweli walikuwa wakali. Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju Ryu, alipokelewa na Kanryo Higaonna akiwa na miaka 14, na muda mrefu ulikuwa ni Sanchin na kazi za nyumbani kwa mwalimu. Lakini Miyagi huyohuyo, mwaka 1940, alitunga Gekisai mbili, kata fupi zenye mapigo ya wazi, mahususi kwa wanaoanza, ili karate iwafikie vijana wengi zaidi. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, na jina lake lilikwisha kuwa kubwa.  Aliona mlango ni mwembamba, akaupanua, na ndani ya nyumba akaiacha Sanchin ilivyo. Gekisai ndiyo kata ya kwanza kila mmoja wetu aliyoicheza. Anayetetea ukali wa zamani aanze kwa kuirudisha hiyo.

Tena nyakati zinatubana. Tangu treni ya mwendokasi ianze safari Juni 2024, kijana wa Ngerengere anapanda asubuhi na kabla ya jua kali yuko Dar es Salaam, kwenye majumba ya mazoezi yenye vioo na feni. Ndondi nazo zina mvuto wao, na watu wa Morogoro hawajasahau usiku wa Agosti 2013 Francis Cheka alipomshinda Mmarekani Phil Williams na kutwaa ubingwa wa WBF. Ngumi zina hela, au angalau zina ndoto ya hela. Sisi hatuna hela, na hata kwenye Olimpiki karate iliingia Tokyo, michezo iliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, na Paris 2024 ikatolewa. Hatuwezi kumvuta mtu kwa medali. Tulichonacho ni sakafu iliyofagiliwa, mtu anayekuita kwa jina lako, na jambo moja jipya la kwenda nalo nyumbani kila siku ya mazoezi.

Kwa hiyo, wakati wa likizo hii, naomba mambo yafuatayo yafanyike bila kusukumana. Daftari la wanafunzi wapya litaongezwa safu moja: umefuata nini. Sempai wa zamu ataandika jibu kama lilivyosemwa, bila kulisafisha, na bila kulisoma kwa sauti. Mtoto akisema amekuja kujifunza kupaa, iandikwe kupaa. Baada ya miezi mitatu aulizwe tena, na majibu yote mawili yakae kwenye ukurasa mmoja, maana hapo ndipo sisi walimu tutakapojua tunafundisha nini hasa.

Kichurachura cha kukaribishia kimefutwa. Kitabaki kwenye mazoezi ya viungo kama zoezi, kwa wenye magoti yanayokiweza. Siku ya kwanza kila mgeni atoke na kitu kimoja mkononi, iwe ni ngumi iliyokunjwa sawasawa, dole gumba likiwa nje, au mae-geri, au kujinasua. Mgeni asidaiwe gi, lile vazi la karate. Tisheti na traksuti zinatosha mpaka mtihani wa kwanza, na fundi wetu wa sokoni anashona ya amerikani nzito kwa bei ya kuvumiliana kwa atakayehitaji. Ada ya mwezi wa kwanza isiulizwe mlangoni mbele ya wengine. Mweka hazina atazungumza na mzazi pembeni.

Zamu za kupokea wageni zimebandikwa mlangoni. Wanaofagia wafike nusu saa mapema, na wapitishe mkono sakafuni upande wa dirisha la kusini, ambako misumari ya madawati inaanguka kila wanafunzi wakisogeza viti. Mwaka jana mguu ulitobolewa, na yule hakurudi, wala simlaumu.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo kwenye kikao cha Jumamosi, kabla ya kupasha misuli. Baada ya mazoezi kila mtu ana njaa na hakuna hoja inayosikilizwa.

Wenu katika mazoezi,

Katibu
Ngerengere, Morogoro